Presha Imepanda Hadi Dundori

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unasafiri kwenda Dundori, atakuuliza kama huko ni Uganda. Si ajabu. Sisi watu wa pwani twaijua bara kwa miji yake mikubwa tu, na ukishapita Nairobi, kila pahali kwetu ni Nakuru. Basi Dundori ni ya Nakuru kweli, lakini huifikii ukibaki mjini. Barabara yake huchepuka pale Lanet kutoka njia kuu ya Nairobi, ikapanda polepole kuelekea Ol Kalou katika Nyandarua. Ni nchi ya ukungu, kabeji, mbatata na ng'ombe wa maziwa. Baridi yake ya mwezi wa Julai humfanya mtu aliyezaliwa Mombasa aamke usiku kutazama kama miguu yake ingali mahali pake.

Mimi naijua kwa sababu dada yangu, tumbo moja, ameolewa huko. Mumewe alikuwa mwendesha kreni katika bandari ya Kilindini, akasilimu, akamwoa, wakakaa kwetu zaidi ya miaka ishirini. Alipostaafu alirudi kwao kulima shamba la marehemu baba yake. Dada alilia siku ya kuondoka, lakini nguo zake alikuwa amekwisha kuzifunga tangu juzi yake.

Mwaka uliopita, usiku baada ya isha, dada alipiga simu. Shemeji alikuwa ameanguka zizini. Upande wa kulia haukujongea na mdomo ulikuwa umekwenda mrama.

Nyumbani kwetu shangazi hakungoja kusikia zaidi. Alisema ni upepo mbaya, mtu amekanyaga penye wenyewe, na asubuhi yake alikuwa keshapata mtu wa kuandika kombe niende nalo. Nililichukua, kwa heshima yake na kwa sababu dua haimzuii mtu kwenda hospitali. Nilipofika Dundori nikakuta majirani nao wana habari yao: shemeji alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mtu wa jirani, na mtu huyo, wakasema kwa sauti ya chini, hakosi mganga. Pwani ni upepo, bara ni mpaka. Hapana aliyetaja presha.

Aliyeitaja ni dada. Aliniita jikoni, akateremsha kopo la majani ya chai kutoka rafuni, akalifungua. Hamkuwa na majani. Mlikuwa na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne, imeandikwa 190 juu ya 110, na pakiti za vidonge ambazo zilikuwa karibu zote hazijaguswa. Tarehe ya kadi ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu nyuma.

"Alivimeza mwezi mmoja," dada akasema. "Akaniambia amepona."

Shemeji mwenyewe nilimkuta ameketi juani, amefunikwa blanketi, mkono wa kulia ameupakata kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenziwe. Ulimi ulikuwa mzito, lakini akili timamu. Nilimuuliza kwa nini. Alifikiri sana, kisha akanijibu kwa maneno ya kazi yake ya zamani. Kwenye kreni, alisema, kuna mipira ya mafuta inayobeba nguvu ya kuinulia shehena. Ukiuzidishia mpira nguvu, haupasuki siku hiyo wala mwezi huo. Unafanya kazi vizuri kabisa. Huvimba kidogo, hukakamaa ndani, na siku moja hupasuka bila ya kukuonya. "Mimi nilikuwa nikiwaandikia ripoti wale wasiokagua mipira," akasema, na nusu ya mdomo wake ikacheka.

Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo kwa daktari yeyote. Presha ni nguvu ambayo damu huisukumia kuta za mishipa. Hupimwa kwa tarakimu mbili, ya juu wakati moyo unapobana, ya chini wakati unapopumzika, na ikifika 140 kwa 90 au kupita, mara kwa mara na si mara moja tu, matabibu husema imepanda. Hakuna kuumwa. Mishipa hukakamaa mwaka hadi mwaka, moyo hunenepa kwa kusukuma mzigo, mafigo huchoka. Mwisho wake ama mshipa wa ubongo huziba au kupasuka, ndicho kiharusi, ama mshipa unaoulisha moyo wenyewe huziba, ndio mshtuko wa moyo.

Siku ya tatu alikuja muuguzi kumtazama mgonjwa. Alipomaliza, akasema na aliyekuwapo na apimwe. Alianza na mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, na nilimpa mkono huku nikimtania. Mashine ikasoma 168 kwa 102. Nikasema ni uchovu wa safari. Akaniacha nikae kimya kwa muda, akapima tena: 164 kwa 100. Aliniambia nisiamini siku moja, nikifika Mombasa nipimwe siku mbalimbali, lakini kwa uso wake niliona kuwa yeye ameamini.

Kisha akampima mamake shemeji. Huyu ni bibi wa miaka themanini na kitu, mwembamba kama fimbo, na bado hupalilia mbatata kwa jembe lake. Wote tulimtazama kwa kutaraji kwamba yeye, aliyekula pure maisha yake yote, atatutolea mfano wa watu wa kale. Ikawa 150. Bibi alipoambiwa, akauliza kwa Kikikuyu kama huo ni ugonjwa wa mwanawe umemwambukiza.

Nilirudi Mombasa na tarakimu hizo tatu kichwani, na kwa miezi kadhaa nikawa nasoma kila nilichokipata juu ya jambo hili. Nilitaka kujua kitu kimoja: je, presha tulikuwa nayo siku zote, au imetujia?

Jawabu lilianza kuandikwa humu humu Kenya. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, alichapisha London habari iliyowashangaza wenzake. Katika muda wa miaka miwili hivi alikuwa amelaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakumwona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Kisha akapima watu wazima 1,000. Ulaya presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa hawa, baada ya miaka arubaini ilianza kushuka. Mwaka 1937 Donnison akaandika kitabu kizima kudai kwamba ustaarabu wa kisasa ndio mama wa maradhi haya.

Hapa nasimama kidogo. Wazungu wa zama zile walipenda kusema kwamba Mwafrika hana presha kwa kuwa hana wasiwasi. Mtu anayetozwa kodi ya kibanda, akaondolewa kwenye ardhi yake na kupelekwa kulima ya setla, eti hana wasiwasi! Dundori yenyewe ilikuwa sehemu ya zile nyanda za juu walizotengewa masetla, na baba yake shemeji alizaliwa na kufanya kazi juu ya ardhi ambayo hakuruhusiwa kuimiliki mpaka baada ya Uhuru wa 1963, mashamba makubwa yalipokatwa vipande na kupewa au kuuziwa wakulima wadogo. Wasiwasi walikuwa nao tele. Tarakimu za Donnison huenda zilikuwa sawa, lakini sababu zitafutwe kwingine.

Na hazikuchukua muda kubadilika. Mwaka 1941 A. W. Williams aliandika kutoka Uganda kwamba presha ya kupanda ipo kwa Waafrika, tena si ya kutafutwa kwa taa. Maradhi ya mishipa ya moyo yalichelewa zaidi. Mwaka 1960 matabibu wa Kampala na wa St. Louis kule Marekani walilinganisha maiti waliopasuliwa kwa uchunguzi, 632 kwa kila upande, umri kwa umri. Marekani walipata 136 ambao misuli ya moyo ilikuwa na alama ya kufa kwa kukosa damu. Uganda walipata mmoja.

Mmoja tu! Lakini msomaji wangu wa pwani asifurahi mapema. Mwaka uliotangulia, 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walikuwa wamechapisha uchunguzi mwingine wa Kampala hiyo hiyo, juu ya Waafrika na Wahindi. Kwa Wahindi, mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli yalikuwa yakiongezeka na umri, na mshtuko wa moyo ulikuwa ukiwaua. Mji ni mmoja, hewa ni moja, maji ni yale yale. Kilichokuwa mbalimbali ni chungu. Sasa tujiulize sisi, wenye biriani ya samli, mahamri ya asubuhi, viazi karai vya jioni na papa wa chumvi, chungu chetu kinafanana na cha nani.

Wengine watanijibu kwa Wamasai. Hula nyama, hunywa maziwa, na mbona wako imara? Jambo hilo nalo limechunguzwa. George Mann na wenzake walipowapima Wamasai wa Tanganyika katika miaka ya 1960 waliwakuta na kolesteroli ndogo. Lakini mwaka 1972 walitoa matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na wakaona kwamba kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa, ilionekana, ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Watafiti walidhani ni kwa ule mwendo wao wa maguu usiokwisha. Kwa hiyo mwenye kutaka kula kama Mmasai, na atembee kama Mmasai.

Mimi kilichonikaa zaidi ni habari mbili za watu waliohama. Nilipopita Lanet nilikuwa nimeiona kambi ya jeshi pale kando ya barabara, na sikuwaza lolote. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1969 Shaper na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijana wa Kisamburu walioandikwa katika jeshi la Kenya. Hawa walitoka kwenye mifugo, kwa watu ambao presha haikuwa ikipanda na umri. Jeshini walipata posho ya serikali, na chumvi humo ilikuwa nyingi kuliko waliyopata kuionja kwao. Vijana wenye siha, wanaokimbia kila alfajiri, na presha yao ikapanda kupita ya ndugu zao waliobaki nyumbani.

Habari ya pili ni ya Wajaluo waliotoka vijijini kaskazini ya ziwa kwenda kutafuta kazi Nairobi katika miaka ya 1980. Neil Poulter na wenzake, ambao ripoti yao ilitoka mwaka 1990, waliwapima na kuwafuata, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Haikuchukua miaka. Tangu miezi ya mwanzo ya mjini presha ya wahamiaji ilikuwa juu. Mkojo wao ulikuwa na chumvi zaidi na potasiamu pungufu, yaani ile madini tunayoipata katika matunda, mboga na viazi. Damu na ukoo ni ule ule, wala hawakuwa wamezeeka. Mtu alipanda basi tu.

Ndipo nilipomkumbuka shemeji. Yeye alipanda basi kutoka Dundori akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akaja Kilindini. Akajifunza sigara kwa mabaharia na pilau kwetu. Kreni huendeshwa kwa kukaa. Na aliporudi kwao akidhani anairudia Dundori ya utoto wake, hakuikuta. Chumvi i mezani, mafuta ya mgando yamo katika kila chungu, chai ni ya sukari vijiko vitatu, mkate na soda viko dukani kwenye njiapanda, na bodaboda humngoja mtu mlangoni ampeleke mahali ambapo baba yake alikwenda kwa miguu. Mji uliwahi kufika shambani kabla yake. Kwa hiyo sikushangaa tena kwa ile 150 ya bibi. Mgongo wake ni wa zamani, lakini chumvi yake ni ya dukani kwa zaidi ya miaka hamsini.

Na hili si la nyumba moja. Mwaka 2007 na 2008 daktari wa macho Mkenya, Wanjiku Mathenge, pamoja na wenzake wa chuo cha afya cha London, walichunguza watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika wilaya ya Nakuru ya wakati huo, mjini na mashambani. Walichokuwa wakitafuta hasa ni upofu, lakini walichukua na presha, sukari na mafuta ya damu. Katika watu 4,396 waliopimwa, nusu walikuwa na presha ya kupanda. Kisukari kilikuwa kwa watu kama 7 katika kila 100, na kolesteroli ya juu kwa mmoja katika kila watano. Mjini hali ilikuwa mbaya zaidi, lakini mashamba hayakusalimika.

Msomaji mwangalifu ataniambia kwamba Kisii ya 1929 na Nakuru ya 2007 hazipimiki kwa mizani moja. Ni kweli. Watu ni wengine, vipimo ni vingine, na siku hizi wengi zaidi wanaishi mpaka wakafika umri wa kuipata presha. Lakini daktari wa kwanza hakumpata mtu katika wagonjwa 1,800, na wa pili ukirusha jiwe utampiga mwenye presha. Tofauti kubwa kama hiyo haifutwi na mizani.

Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2015, uliowachukua watu wa miaka 18 hadi 69, ulikuta karibu robo wana presha ya juu. Wakati huo zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapimwa hata siku moja katika maisha yao.

Nchi nyingine zilipita njia hii zikapata kugeuka. Finland, katika miaka ya 1960, ilikuwa ikisifika vibaya kwa wanaume kufa na moyo wangali na nguvu za kazi. Mwaka 1972 jimbo la mashariki liitwalo North Karelia lilianza kampeni, ikiongozwa na Pekka Puska, kijana wakati huo. Walikwenda kwa wake majumbani na kwa waoka mikate, siagi ikapungua, chumvi ikapungua, sigara zikazimwa, na presha zikatibiwa. Katika muda wa miongo minne vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Watu hao walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaokaa kwenye baridi, na siagi kwao ilikuwa fahari kama samli kwetu.

Kwetu nadhani kizuizi kikubwa ni lile neno la shemeji, nimepona. Tumezoea maradhi yenye homa: unameza dawa, jasho linatoka, umepona, dawa iliyobaki unamwekea mwenzio. Presha haiendi hivyo. Vidonge huishikilia tu, na ukiviacha hurudi pale ilipokuwa.

Tena kuna Ramadhani. Nawajua wazee wetu wanaoacha vidonge mwezi mzima kwa kuogopa kufuturu mchana, na wengine hawavirudii baada ya Idi. Nilimuuliza daktari wangu. Aliniambia vidonge vingi vya siku hizi humezwa mara moja kwa siku, basi huweza kuhamishiwa wakati wa kufturu. Vile vya kukojosha asingependa nivimeze wakati wa daku nikashinda na kiu. Na mtu aende kuulizia mapema mwezi wa Shaabani, si usiku wa mwezi kuandama. Ama aliye mgonjwa wa kweli, ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qurani yenyewe, na sijui kwa nini tunaionea haya.

Mimi sasa nameza kimoja kila usiku. Nilipimwa Mombasa mara tatu, siku mbalimbali, na muuguzi wa Dundori hakukosea. Mke wangu amepunguza samli kwa ukali uliopita kiasi, na papa wa chumvi namla kwa jirani.

Shemeji anatembea kwa mkongojo mpaka zizini na kurudi. Vidole vya kulia vimeanza kushika tasbihi, ingawa hazihesabu. Vidonge havimo tena katika kopo la majani. Dada huviweka kifuani mwake, akampa kimoja kila baada ya magharibi na kumngoja ameze. Kopo la chumvi nalo limeondolewa mezani, lakini juzi ameniambia katika simu kwamba mara mbili amemkuta mumewe amesimama mbele ya rafu, akilitafuta kwa mkono wa kushoto.